Mzee, Mbona Umekonda?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unapenda kuzungumza na wazee wanaopanda baiskeli, hasa wale ambao zahanati imewaambia wapunguze uzito nao wakashindwa kuanza, au walianza wakaacha. Nawafikiria zaidi wa Chumbi, kule Rufiji kusini mwa daraja. Lakini wa Muhoro, Ikwiriri na Kibiti nao watajiona humu, maana barabara ni moja na habari ni ile ile.

Simama asubuhi kando ya barabara ya Kilwa pale Chumbi uangalie ni nani bado yuko juu ya baiskeli. Vijana wengi wamehamia kwenye bodaboda. Baiskeli imebaki kwa mbeba mkaa, kwa mtoto wa shule na kwa mzee. Na huyo mzee, ukimtazama vizuri, mara nyingi ana kitambi ambacho hakuwa nacho alipokuwa na miaka 40. Goti moja linamsumbua, na presha yake ilipopimwa mara ya mwisho mganga alitikisa kichwa. Ameambiwa: "Mzee, punguza uzito. Endesha baiskeli." Ameitikia, amerudi nyumbani, na shauri limeishia hapo.

Watu husema ni uvivu. Mimi sikubali. Mtu aliyelima mpunga bondeni kwa miaka 30, akalala shambani kufukuza nguruwe, hafundishwi bidii na mtu yeyote. Wala si kwamba hawezi kujinyima. Tazameni watu wanavyoshika Kwaresima, na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku kwetu, wanavyoshika Ramadhani. Nia ya kujizuia chakula ipo, tena ipo tele. Kinachomshinda mzee wetu ni kwamba hajapata sababu ya kupungua iliyo na nguvu kuliko maneno ya watu. Na maneno ya watu, katika jambo hili, ni mazito kuliko tunavyokubali.

KITAMBI KILIVYOINGIA

Zamani baiskeli haikuwa mazoezi, ilikuwa kazi. Swala iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam, au Phoenix ya Uchina, ilibeba gunia la korosho, madumu ya maji, bati za nyumba, na mama mwenye uchungu wa kuzaa kupelekwa zahanati. Mwenye baiskeli alikuwa mtu wa maana kijijini na hakuna aliyemuuliza uzito wake. Ungemuuliza angedhani unataka kumnunua.

Kisha mambo yakabadilika kwa haraka. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, karibu mita 970 za zege, na foleni ya kusubiri kivuko pale Ndundu ikaisha. Lami ikafuata, ingawa kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilitutesa kwa tope miaka mingi baada ya daraja kwisha. Zikaja na pikipiki za bei nafuu kutoka Uchina, na kijana wa bodaboda akawa mlangoni pa kila mtu. Mambo haya ni mema, na hakuna anayetaka kurudi kwenye tope. Lakini kwa mzee wa Chumbi matokeo yake ni kwamba miguu ilistaafu kabla yake mwenyewe.

Sahani haikustaafu. Mtu aliyekuwa akipiga jembe tangu alfajiri hadi jua kali alihitaji mlima wa wali. Leo analima kidogo, wajukuu wanamsaidia, anakaa barazani, na mlima wa wali uko pale pale, nazi ile ile, tena siku hizi na soda juu yake. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na uzito uliozidi. Karibu robo vilevile walikuwa na shinikizo la damu, na watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Magonjwa haya tuliyaita ya matajiri wa mjini. Siku hizi yamekaa nasi kwenye mkeka.

HOFU YA KUKONDA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mzee akifanikiwa kupunguza kilo 4 au 5, kitu gani kinamtokea? Shati linapwaya, shingo inaonekana. Akikatiza mbele ya duka anaamkiwa: "Shikamoo mzee. Mbona umekonda? Unaumwa?" Akienda msibani watu wananong'ona. Shemeji yake anampigia simu kutoka Temeke kuuliza kuna nini. Na nyumbani mama anasemwa kuwa hamlishi mumewe. Kabla ya mwezi kwisha mzee amerudia wali wake, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kutazamwa kama maiti inayotembea.

Hofu hii ina historia, wala tusiicheke. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule Silimu, kutokana na jinsi ulivyomkondesha mtu. Kwa miaka 20 na zaidi tulizika watu ambao dalili yao ya kwanza machoni petu ilikuwa kukonda. Mzee mwenye miaka 65 leo alikuwa kijana wakati ule, na huenda alibeba majeneza ya rafiki zake. Akili yake imejifunza kwamba kunenepa ni uzima na kukonda ni kaburi. Na hata kabla ya ukimwi, njaa na kifua kikuu vilikuwa vimetufundisha hivyo hivyo.

Lakini mambo hayako hivyo tena. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004, na mtu anayezitumia vizuri leo anaweza kuwa na mwili mkubwa kuliko wako, akalima na kulea wajukuu. Unene haumwambii jirani kama una virusi au huna. Wala wembamba haumwambii. Wakati huohuo kiharusi kinachomlaza mzee upande mmoja, na kisukari kinachomkata mguu, vinakuja kwa mtu ambaye mtaa mzima unamsifu kwamba amenawiri. Tunamsifia mtu ugonjwa wake, kisha tunamshangaa anapoanguka.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mzee anayetaka kupungua asianze kimyakimya. Aanze kwa kusema. Amwambie mkewe, awaambie watoto, amwambie mwenye duka na wale anaocheza nao bao: "Mimi daktari ameniambia nipunguze kilo 5, na nimeanza. Mkiniona napwaya msinililie." Neno hilo likishatoka, umbea unakosa chakula. Na mama naye asemwe kwa sifa, kwamba anamtunza mumewe, badala ya kusemwa kwamba anamnyima. Mwiko wa kupakulia uko mkononi mwake, na mzee asiyekubaliana na mwenye mwiko hatapungua hata gramu.

BAISKELI HAITOSHI

Hapa nitasema jambo ambalo wapenda baiskeli hawalipendi. Baiskeli peke yake haiondoi kitambi, au inakiondoa taratibu sana hata mtu akakata tamaa. Tufanye hesabu. Nguvu iliyo katika chakula hupimwa kwa kalori. Mzee wa kilo 80 anayeendesha polepole saa nzima, mwendo wa kusalimiana na watu, anatumia kiasi cha kalori 300. Akifika mwisho wa safari ana njaa na kiu, anajiona amefanya kazi ya kiume, anakula chapati moja na kunywa soda moja. Chapati ya mafuta peke yake inakaribia kumrudishia zile 300. Soda ya chupa inaongeza nyingine 150, maana ndani yake mna sukari karibu vijiko 9 vya chai. Amerudi nyumbani mzito kuliko alivyotoka, naye anajisifu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Basi anayeendesha saa moja kwa siku, siku 5 za wiki, bila kuongeza chakula hata kidogo, atahitaji wiki 5 hivi kupunguza kilo moja. Anayepanda mizani kila Jumatatu akitarajia muujiza ataacha kabla ya mwezi. Nimeona wengi wakiishia hapo, nami nadhani mizani imeua nia za wazee wengi kuliko milima.

Ila saa ile ya baiskeli ikiungana na sahani iliyopunguzwa, mambo yanakwenda. Chukulia chai tu. Wengi wetu huku tunatia vijiko 4 kwenye kikombe, na vikombe 3 kwa siku. Hiyo ni sukari ya gramu 50 hivi, kalori 200, kila siku ya Mungu. Punguza kijiko kimoja kila wiki na ulimi hautagombana nawe. Wali wa nazi si dhambi, lakini unaweza kuwa wa Jumapili na wa wageni, na siku nyingine ukapikwa kwa tui jepesi. Bia nayo ni chakula, na tembo la mnazi vilevile, hata kama halitafunwi. Na korosho! Sisi tunaokaa chini ya mikorosho tunazitafuna kama njugu za maskini, na gramu 100 tu za korosho zilizokaangwa zina kalori zaidi ya 500. Kiganja kimoja kinatosha, kisha funga mfuko.

Kitu ambacho mzee asipunguze ni kitoweo. Umri ukizidi, mwili unapoteza nyama ya misuli, na mtu anayejinyima kila kitu anapoteza misuli pamoja na mafuta, kisha anaanguka chooni anavunjika nyonga. Perege na kambale wa mtoni, dagaa, kunde, choroko, maharage na mayai vibaki kwenye sahani. Kisamvu na mlenda viongezwe. Kinachopungua ni ule mlima wa ugali na wali, na mafuta yanayoelea juu ya mchuzi.

SABABU INAYODUMU

Waganga wetu hupenda kutisha. "Usipopungua utakufa." Kwa uzoefu wangu hofu ya kifo hufanya kazi wiki mbili. Baada ya hapo mtu anaizoea, kama alivyozoea mamba wa mto. Wengine hutumia mifano ya mashujaa. Yupo Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliyeirudia baiskeli akiwa na miaka 68 hivi baada ya kuiacha kwa muda mrefu, na Januari 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22 na nusu katika saa moja kwenye kiwanja cha mashindano karibu na Paris. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Uingereza nako wataalamu walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa waendesha baiskeli 125 wenye miaka 55 hadi 79, wakakuta misuli yao haikuchakaa kama ilivyotarajiwa kwa umri huo. Habari hizi ni nzuri kusimuliwa barazani, lakini sidhani kama zinamwamsha mtu alfajiri wakati umande uko majanini.

Kinachomwamsha ni kitu kidogo chake mwenyewe. Mmoja anataka kufika kwenye mikorosho yake bila kulipa bodaboda kwenda na kurudi, na kila jioni anaweka nauli ile kwenye kopo. Mwingine anataka kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono na mtoto. Mwingine goti tu. Na kwa habari ya goti kuna hesabu inayofurahisha: uchunguzi uliofanywa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, kwa watu wazima wanene wenye maumivu ya goti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini hupunguza karibu kilo 4 za mzigo unaolielemea goti kwa kila hatua. Mzee aliyepunguza kilo 3 ameliondolea goti lake kilo 12. Hilo atalisikia mwenyewe akitembea, hahitaji kuonyeshwa karatasi.

Vilevile haihitajiki kupungua sana. Mwaka 2002 yalitangazwa huko Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Ndani ya miaka 3 hivi, waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale wasiosaidiwa hivyo. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea walipungua kwa asilimia 71. Yaani wazee ndio waliofaidika zaidi! Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu tu. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5, safari ya kwenda shamba na kurudi.

Kwa hiyo mizani uipande mara moja kwa mwezi, inatosha. Katikati yake tumia futi ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu. Mwanamume akivuka sentimita 94 hatari imeanza, akivuka 102 ni kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Tundu la mkanda nalo ni kipimo kizuri, tena halidanganyi. Na tafuta mwenzako. Wazee wawili wanaopitiana asubuhi hawaachi kirahisi, maana mmoja akilala mwenzake anagonga dirisha, na aibu ya kugongewa dirisha ina nguvu kuliko mahubiri ya daktari.

Akina mama wazee wataniuliza, na sisi je? Wengi wenu hamkufundishwa baiskeli utotoni, na kuanza kujifunza kwa miaka 60 kwenye mchanga wa Chumbi ni kutafuta kuvunjika. Tembeeni kwa miguu, haraka kiasi cha kushindwa kuimba lakini mkaweza kuongea. Mengine yote yaliyosemwa hapa ni yenu pia.

KABLA YA KUPANDA

Anayetumia dawa za kisukari, za kumeza au sindano, asitoke bila kitu kitamu mfukoni, kwa kuwa sukari inaweza kushuka njiani akatetemeka na kuanguka. Amuone mganga kwanza, kwani dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa uzito ukishuka. Kadhalika asiyejua presha yake apime kwanza. Maumivu ya kifua, au pumzi kukata ghafla, maana yake ni kushuka na kutafuta msaada, si kukaza.

Kiti cha baiskeli kipandishwe hadi goti likunjuke karibu lote pedali inapokuwa chini. Wazee wengi hukishusha mno ili miguu iguse ardhi, kisha wanalaumu uzee kwa maumivu ya goti. Barabarani mabasi ya Lindi na Mtwara hayana huruma. Tumia njia za pembeni zilizo ngumu, vaa shati jeupe, na uwe umerudi kabla ya giza.

Jambo la mwisho ni lile swali la jirani, ambalo nimelilaumu sana. Kuna wakati jirani ana haki ya kuuliza. Mtu anayekonda bila kupunguza chakula wala kuongeza mwendo, au anayekohoa wiki 2 na zaidi, anayelowa jasho usiku, anayekunywa maji na kukojoa mara kwa mara, au anayeshindwa kumeza, huyo aende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Kifua kikuu, kisukari, saratani na virusi vya ukimwi huanza hivyo, na vyote vina matibabu yanayofaa zaidi vikiwahiwa. Ili mganga aweze kutofautisha, mzee aliyeamua kupungua awe na kijidaftari: tarehe aliyoanza, uzito wa siku hiyo, kiuno, presha, kisha vipimo vya kila mwezi. Akienda Utete au kituo chochote akipeleke. Daktari akiona kilo 5 zimetoka kwa miezi 6 na safari za shamba zimeandikwa, atajua ni kazi ya pedali. Akiona kilo 5 zimetoka kwa wiki 3, atachukua makohozi na damu siku hiyohiyo.